Peter Behrens: Msanii aliyezipa kampuni sura ya kutambulika

KABLA ya mwaka wa 1907, kampuni kubwa za viwanda zilikuwa na wahandisi wa kubuni mitambo, mawakili wa kuandika mikataba na wachoraji wa kibarua walioitwa pindi tangazo lilipohitajika. Hazikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba bidhaa, barua, bango na jengo la kiwanda vinafanana mithili ya watoto wa tumbo moja.

Mtu ambaye wanahistoria wengi wa usanifu humhesabu kuwa wa kwanza kukabidhiwa jukumu hilo kwa ukamilifu ni Mjerumani Peter Behrens. Mwaka huo wa 1907, kampuni ya umeme ya AEG jijini Berlin ilimteua kuwa mshauri wake wa sanaa. Kufikia 1914, alikuwa ameibunia nembo, herufi, mabango, taa, feni, birika, saa na majumba ya viwanda.

Leo, mfanyabiashara anayemlipa mbunifu amchoree nembo, amchagulie aina ya herufi na kumpangia rangi za gari la kusambazia bidhaa anapita katika njia ambayo Behrens alikuwa miongoni mwa walioifyeka. Hata hivyo, maisha ya msanii huyo yana funzo jingine lisilopendeza sana. Sura njema inaweza kumtumikia bwana yeyote, na inaweza kuendelea kuishi hata baada ya mwenyewe kuzikwa.

Mchoraji aliyejifunza ujenzi

Behrens alizaliwa Aprili 14, 1868 katika mji wa bandari wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Alifiwa na wazazi wake angali mvulana, akalelewa na mlezi. Alipokua, alisomea uchoraji katika miji ya Karlsruhe na Düsseldorf, kisha akahamia Munich, mji uliokuwa ukivutia wasanii wengi zama hizo.

Mnamo 1892 alikuwa miongoni mwa wasanii waliojitenga na chama cha zamani cha wachoraji wa Munich na kuunda kundi lao wenyewe. Walichoshwa na maonyesho yaliyosheheni maelfu ya picha zilizobanana ukutani bila mpango. Kero hiyo ya vitu vingi visivyopatana ingemwandama Behrens maisha yake yote.

Picha zake za wakati huo zilijaa nakshi. Mchoro wake mashuhuri wa 1898, unaoonyesha nyuso mbili zikibusiana, umezungukwa na nywele zinazojisokota mithili ya mizizi ya mti. Huo ndio uliokuwa mtindo wa siku zile, ambapo mistari ilipinda na kujiviringa kila mahali, kuanzia jalada la kitabu hadi kishikio cha mlango.

Mwaka uliofuata, mtawala wa jimbo la Hesse, Ernst Ludwig, alimwalika pamoja na wasanii wengine waishi na kufanya kazi mjini Darmstadt. Huko Behrens, ambaye hakuwa amesomea usanifu wa majengo, alijijengea nyumba iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 1901.

Hakuishia kwenye kuta na paa. Alibuni pia viti, meza, taa, mazulia, sahani, bilauri, vijiko na uma. Mgeni aliyeingia sebuleni na baadaye kuketi mezani alikutana na mistari ileile. Bila shaka nyumba hiyo ilikuwa ya anasa, lakini ilimfunza jambo ambalo baadaye lingewafaa wenye viwanda: vitu vya aina mbalimbali vikifuata kanuni moja, jicho huvitambua kuwa ni vya nyumba moja.

Herufi na vipimo

Mwaka huohuo wa 1901, kiwanda kimoja cha kusubu herufi za chapa katika mji wa Offenbach kilitoa herufi alizobuni Behrens. Suala la herufi lilikuwa zito nchini Ujerumani. Vitabu na magazeti mengi yalichapishwa kwa herufi za Kijerumani zenye pembe kali na mikunjo mingi, ilhali mataifa jirani yalitumia herufi za Kirumi zilizo nyepesi kusomeka. Behrens alijaribu kuzioanisha aina hizo mbili, akabakisha uzito wa zile za kale na kuondoa mikunjo iliyomchosha msomaji.

Kwa kazi hiyo alitambua kwamba herufi zina sauti yake hata kabla ya neno kusomwa. Mtu anaweza kulitambua gazeti alipendalo kutoka ng'ambo ya barabara, ijapokuwa hawezi kusoma kichwa cha habari hata kimoja. Kinachomfikia ni umbo la herufi, unene wake na nafasi iliyoachwa baina yake.

Mnamo 1903 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa shule ya sanaa za ufundi mjini Düsseldorf. Mwaka uliofuata alimleta shuleni humo mwalimu kutoka Uholanzi, J. L. M. Lauweriks, aliyefundisha kwamba umbo lolote laweza kupangwa kwa kutumia miraba na duara zilizogawanywa kwa vipimo maalumu.

Mafundisho hayo yalimbadilisha Behrens. Badala ya kuanza na ua au wimbi, alianza na mraba. Ndani ya mraba alichora duara, akaugawanya kwa mistari, na kila kitu kilichofuata, kiwe dirisha, herufi au pambo, kikapangwa juu ya mistari hiyo. Mtazamaji haoni mistari yenyewe, lakini huhisi utaratibu. Ilhali nakshi hupitwa na wakati, vipimo vinaweza kurudiwa kwenye kitu kidogo kama stempu na kikubwa kama ukuta wa kiwanda bila kuharibika.

Umeme usioonekana

Hali ya AEG wakati huo inaeleza ni kwa nini ilimhitaji mtu wa aina hii. Mwanzilishi wake, Emil Rathenau, alikuwa mhandisi aliyenunua haki za kutumia uvumbuzi wa Thomas Edison nchini Ujerumani baada ya kuuona kwenye maonyesho ya umeme jijini Paris mwaka wa 1881. Kampuni yake, iliyoanzishwa 1883, ilichukua jina la Allgemeine Elektricitäts-Gesellschaft mnamo 1887. Jina hilo refu ndilo linalofupishwa kuwa AEG.

Kufikia mwanzo wa karne ya 20, AEG ilikuwa ikitengeneza mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme pamoja na vyombo vya nyumbani. Tatizo lilikuwa kwamba umeme wenyewe hauonekani. Familia iliyozoea taa za gesi na mafuta ilitakiwa kuingiza nyumbani nguvu isiyoshikika na ambayo wengi waliiogopa.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hekima hiyo humfaa muuza maembe, kwa kuwa mteja huweza kuyashika na kuyanusa. Mnunuzi wa balbu au mota hawezi kujua uzuri wake hadi atakapoitumia kwa miezi kadhaa. Hana budi kumwamini mtengenezaji, na ili amwamini, sharti kwanza amtambue.

AEG haikuwa rahisi kutambulika. Mnamo 1896 nembo yake ilikuwa imechorwa na msanifu majengo Franz Schwechten kwa herufi zenye madoido mengi. Takriban miaka minne baadaye, Otto Eckmann aliichora upya kwa mistari iliyopinda kama moshi. Karatasi, bidhaa na mabango ya kampuni hiyo yangeweza kudhaniwa kuwa ya kampuni tatu tofauti.

Wakuu wa AEG, akiwemo mkurugenzi Paul Jordan aliyesimamia viwanda, walikubaliana kwamba msanii apewe usemi katika mambo hayo yote. Uamuzi huo una uzito kuliko mchoro wowote uliofuata. Behrens hakuletwa kupamba kazi iliyokwisha kufanywa na wengine. Alipewa nafasi karibu na wenye mamlaka, na alizungumza na wahandisi kabla ya bidhaa kuingia kiwandani.

Nembo yapunguzwa

Alianza na taa kubwa za umeme zilizotundikwa viwandani na kwenye vituo vya reli. Aliondoa mapambo yaliyobandikwa kwa mazoea, akabakisha umbo lililotokana na kazi ya taa yenyewe, kisha akasahihisha ulinganifu wa sehemu zake. Taa ikawa nyepesi kutazama na nyepesi kusafisha.

Katika nembo, safari yake ilikuwa ya kupunguza. Mnamo 1908 alitoa nembo yenye umbo la pembesita, ambamo herufi tatu za kampuni zimewekwa ndani ya vyumba vidogo vinavyofanana na sega la nyuki. Picha hiyo ilidokeza kazi, ushirikiano na mpangilio. Kufikia 1912 hata sega hilo lilikuwa limeondolewa. Zikabaki herufi tatu pekee, nene na wazi, zilizochorwa kwa mwandiko alioubuni mahususi kwa kampuni hiyo.

Mantiki yake ni rahisi kueleweka. Nembo ya bidhaa za chuma haichapishwi kwenye karatasi peke yake. Hugongwa kwenye bati, husubiwa, hupakwa ukutani na huonekana kwa mtu aliye ndani ya treni inayokwenda kasi. Mstari mwembamba unaopendeza kwenye karatasi hupotea ukigongwa kwenye chuma. Mchoro ulio na sehemu chache hustahimili yote hayo.

Herufi zilezile zikapelekwa kwenye vijitabu vya bei, barua, vibandiko na maduka. Katika bango lake linalojulikana zaidi, la kutangaza balbu, Behrens aliiweka balbu ndani ya pembetatu na kuizungushia vitone vinavyowakilisha mwanga, huku jina la kampuni likiwa ndani ya kisanduku chake. Sehemu kubwa ya bango aliiacha bila maneno. Nafasi tupu ndiyo inayolielekeza jicho kwenye balbu.

Mfano ulio bora zaidi wa fikra zake ni mabirika ya umeme ya mwaka wa 1909. Aliyabuni kwa maumbo matatu: la duara, la yai na la pembe nane. Kila umbo lilitolewa kwa ukubwa mbalimbali, na mteja aliweza kuchagua aina ya metali na namna uso wake ulivyomalizwa, ama laini au wenye alama za nyundo. Vishikio, vifuniko na vitako vilitumika kwa zaidi ya umbo moja.

Kwa kuchanganya sehemu hizo chache, kiwanda kiliuza takriban aina 30 za birika bila kulazimika kutengeneza vifaa vipya kwa kila aina. Mnunuzi alipata uhuru wa kuchagua, kampuni ikaokoa gharama, na kila birika likabaki na sura ya ukoo wake. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna utaratibu unavyoweza kuzaa wingi pasipo kuzaa vurugu.

Jengo kama bango

Mwaka huohuo wa 1909, kiwanda cha AEG cha mitambo ya turbaini kilikamilika katika mtaa wa Moabit, Berlin. Behrens alikibuni kwa ushirikiano na mhandisi Karl Bernhard. Ukuta wake wa upande umejaa vioo vilivyoshikiliwa na nguzo za chuma, na mbele, juu kabisa chini ya paa, ipo ile nembo ya sega la nyuki.

Viwanda vya enzi hizo vilikuwa mabanda ya kufichwa au vilivishwa minara ili vifanane na ngome. Hiki kilisimama bila haya kama mahali pa kazi, huku kikiwa na taadhima ya hekalu. Wafanyakazi walipata mwanga wa jua, nayo kampuni ikapata tangazo ambalo mvua haikuweza kulichana.

Hata hivyo, lawama hazikukosekana. Pembe za jengo hilo ni za saruji na zinaonekana nzito kana kwamba ndizo zinazolibeba paa, ilhali uzito wote unabebwa na chuma. Bernhard mwenyewe alilikosoa jambo hilo baadaye. Swali aliloliibua halijaisha katika fani hii: je, sura inayoonekana inaueleza ukweli wa kitu, au inaufunika?

Fikra za Behrens zilienea kupitia watu waliopita mikononi mwake. Walter Gropius, aliyeanzisha shule ya Bauhaus mwaka wa 1919, alikuwa msaidizi katika ofisi yake. Ludwig Mies van der Rohe na Le Corbusier vilevile walifanya kazi humo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Si rahisi kutaja ofisi nyingine iliyolea wasanifu watatu wenye ushawishi kama huo.

Aidha, Behrens alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Deutscher Werkbund, kilichoundwa Munich mnamo Oktoba 1907 ili kuwakutanisha wasanii na wenye viwanda. Lengo lilikuwa kuinua ubora wa bidhaa za Ujerumani, ambazo kwa miaka mingi zilidharauliwa ng'ambo kuwa rahisi na duni.

Vita na utawala mpya

Uhusiano wake na AEG ulikoma mwaka wa 1914, vita vilipozuka. Oktoba mwaka huo, Behrens alikuwa mmoja wa wasomi na wasanii 93 waliotia saini tamko la kuitetea Ujerumani na kukanusha maovu ya majeshi yake nchini Ubelgiji. Waliotoa majina yao walikuwa watu waliosifika, na sifa hizo ndizo zilizotumiwa.

Mnamo 1916, herufi alizobuni kwa kushirikiana na msanii wa mwandiko Anna Simons ziliwekwa juu ya lango la jengo la bunge, Reichstag, kulitoa jengo hilo kwa watu wa Ujerumani. Zilisubiwa kwa shaba ya mizinga iliyotekwa katika vita dhidi ya Napoleon, na waliozisubu walikuwa ukoo wa Loevy, Wayahudi wa Berlin. Herufi hizo zingalipo hadi leo. Baadhi ya watu wa ukoo huo waliuawa chini ya utawala wa Nazi.

Baada ya vita, Behrens aliijengea kampuni ya kemikali ya Hoechst, karibu na Frankfurt, jengo la ofisi lililochukua miaka ya 1920 hadi 1924. Lilikuwa na mnara na daraja lililounganisha ofisi mpya na zilizotangulia. Mnamo 1947 kampuni hiyo iliugeuza mnara huo na daraja lake kuwa nembo. Hivyo basi msanii aliyetia nembo kwenye jengo akaishia kuwa na jengo lililogeuzwa nembo.

Kuanzia 1922 alifundisha usanifu jijini Vienna, Austria. Mwaka huohuo Walther Rathenau, mwana wa Emil na waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, aliuawa jijini Berlin na wafuasi wa siasa kali za kizalendo waliomchukia kwa siasa zake na kwa Uyahudi wake.

Licha ya hayo, mnamo 1936 Behrens alirejea Berlin kufundisha katika chuo cha sanaa cha Prussia chini ya serikali ya Adolf Hitler. Baadhi ya viongozi wa Nazi hawakumtaka kwa sababu ya usanifu wake wa kisasa, lakini Hitler alilipenda jengo la ubalozi wa Ujerumani ambalo Behrens alilijenga St. Petersburg kabla ya vita. Alipewa kazi ya kubuni makao makuu mapya ya AEG kwenye barabara kuu iliyopangwa na Albert Speer, msanifu wa Hitler. Kampuni iliyoasisiwa na Myahudi ingepata jumba lake katika jiji la waliowatesa Wayahudi. Jumba hilo halikujengwa.

Behrens aliaga dunia jijini Berlin mnamo Februari 27, 1940, akiwa na umri wa miaka 71.

Jina bila kampuni

Kampuni aliyoijenga kwa macho ilimzidi umri, lakini si kwa dahari. AEG ilikumbwa na matatizo ya kifedha, ikachukuliwa na Daimler-Benz mwaka wa 1985 na kuvunjwa 1996. Jina lake lilibaki na thamani, na kampuni ya Electrolux ya Uswidi ikalinunua. Mashine za kufulia na majiko bado huuzwa yakiwa na herufi tatu zinazotokana na zile za Behrens.

Hapo ndipo penye nguvu na hatari ya kazi aliyoianzisha. Mteja anayeziona herufi hizo dukani huhisi uimara wa kampuni ambayo haipo tena. Imani iliyojengwa na bidhaa nzuri kwa miongo mingi ilihifadhiwa ndani ya alama, na alama inaweza kuuzwa.

Kwa mwenye biashara, funzo la Behrens halihitaji mtaji mkubwa. Alichagua mambo machache, yaani herufi za aina moja, alama inayosomeka ikiwa ndogo, vipimo vinavyorudiwa na nafasi ya kupumua, kisha akayafuata bila kuyumba kuanzia kwenye bahasha hadi kwenye paa. Mabango mengi hushindwa kukumbukwa kwa sababu kila linapochorwa upya hubadilishiwa rangi, herufi na mpangilio, kama mtu anayejitambulisha kwa jina jipya kila anapobisha hodi.

Funzo la pili ni kwamba alianza na bidhaa. Kabla ya kuipa AEG nembo yake ya mwisho, aliitengeneza taa iwe bora na birika liwe rahisi kuunda. Nembo ilikuja kutia muhuri kazi iliyokuwa tayari imefanywa. Anayetanguliza muhuri kabla ya kazi anaahidi asichonacho, na wateja hawachukui muda mrefu kung'amua hilo.